Baada ya kupunguza tumbo: Mwaka wa pili utakuwa na nani?

Kama una simu yenye makundi ya WhatsApp, bila shaka umeshaziona picha hizo. Kushoto mtu mnene amevaa dera. Kulia ni mtu huyohuyo, amevaa suruali ya jinzi, kitambi hakipo. Chini yake maswali mawili hujirudia: "Alifanyia wapi?" na "Ni bei gani?"

Ni maswali halali. Ila kuna swali la tatu ambalo huwa sioni mtu akiuliza, nalo ndilo litakaloamua kama picha ile ya kulia itadumu: "Mwaka wa pili, nani atanipima damu?"

Miaka si mingi iliyopita, Mtanzania aliyetaka upasuaji wa kupunguza uzito alilazimika kupanda ndege, wengi wakielekea India. Leo Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inatoa huduma ya kuweka puto tumboni na pia upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Jirani zetu wa Nairobi nao wanazo huduma hizi. Haya ni maendeleo ya kweli, kwa sababu tatizo lenyewe ni la kweli: tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha takriban mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri wa kuzaa nchini ana uzito uliopitiliza au kiribatumbo, na kisukari na presha vinafuata nyuma.

Hoja yangu leo ni hii. Tumejifunza haraka kufanya upasuaji, lakini hatujajifunza kwa kasi hiyohiyo kumhudumia mtu aliyekwisha kufanyiwa. Upasuaji wenyewe huchukua saa chache. Matunzo yake ni ya maisha yote. Kama wewe ni mgonjwa unayejiandaa, au umeshafanyiwa, au ni mzazi wa kijana anayeutaka, soma kabla hujalipa chochote.

Kwanza tuelewane: umefanyiwa nini?

Mitaani yote huitwa "kukata utumbo", lakini huduma hizi hazifanani.

Puto si upasuaji. Daktari huliingiza kupitia mdomoni, kisha hujazwa maji au hewa likachukua nafasi ndani ya mfuko wa chakula ili ushibe mapema. Ni la muda. Kwa kawaida hukaa miezi 6 hadi 12 kulingana na aina yake, kisha ni lazima litolewe. Ukilipitisha muda kwa sababu "halijanisumbua", unacheza na hatari, kwa maana linaweza kupasuka, kuteremka na kuziba utumbo. Baadhi ya maputo hujazwa maji yenye rangi ya buluu. Ukiona mkojo umegeuka kijani au buluu, usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Aina ya pili ni upasuaji wa kukata mfuko wa chakula. Takriban robo tatu ya mfuko au zaidi huondolewa moja kwa moja, kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayozalisha kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana watu wengi husema njaa yao ilipungua sana miezi ya mwanzo.

Aina ya tatu ni njia ya mkato, ambayo madaktari huiita baipasi. Hapa hutengenezwa kifuko kidogo sana juu ya mfuko wa chakula, kisha huunganishwa na utumbo mbele zaidi, chakula kikaruka sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Sehemu inayorukwa ndiyo ambayo mwili hufyonza kwa wingi madini chuma na kalsiamu.

Ukiulizwa umefanyiwa ipi, ujue kujibu. Nitaeleza baadaye kwa nini jibu hilo linaweza kuokoa maisha yako.

Je, inafaa?

Inafaa, kwa mtu sahihi. Tangu mwaka 1991 madaktari duniani walifuata mwongozo wa Marekani uliosema upasuaji ni kwa mwenye uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI, wa 40 au zaidi, au 35 akiwa na magonjwa yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vilishusha kiwango: kuanzia 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye matatizo kama kisukari cha aina ya pili. Kama BMI yako ni 27 na unataka tu kuingia kwenye gauni la harusi, upasuaji huu si wako.

Matokeo ya muda mrefu tunayajua vizuri kutoka Sweden, ambako watafiti walianza kuwafuatilia wagonjwa mwaka 1987. Baada ya miaka 2, waliofanyiwa upasuaji walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 23 ya uzito wao. Baada ya miaka 10, upungufu ulikuwa asilimia 17. Baada ya miaka 20, asilimia 18. Vifo navyo vilipungua ukilinganisha na wenzao wanene ambao hawakufanyiwa.

Tazama namba hizo kwa makini. Mtu aliyekuwa na kilo 120 hakubaki na kilo 60. Kwa wastani alibaki na kilo 98 au 100 hivi. Na sehemu ya uzito ilirudi kati ya mwaka wa 2 na wa 10. Kuhusu kisukari, utafiti huohuo ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa wa kisukari waliofanyiwa, asilimia 72 hawakuwa nacho baada ya miaka 2, lakini baada ya miaka 10 walibaki asilimia 36. Haya ni mafanikio makubwa, ila si muujiza. Anayekuuzia muujiza anakuficha nusu ya habari.

Wiki za kwanza: mezani na kitandani

Baada ya upasuaji, tumbo lako ni jeraha. Hospitali hutofautiana kidogo katika ratiba, nawe fuata ya kwako, lakini mpangilio wa kawaida ni huu. Siku za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa, kwa funda ndogondogo. Kisha vimiminika vizito kidogo: maziwa, mtindi, uji mwepesi usio na sukari. Kuanzia wiki ya 3 hivi ni chakula kilichopondwa kabisa: maharage yaliyosagwa, samaki asiye na miiba aliyepondwa, yai laini. Vyakula laini hufuata, na mtu hurudi kwenye chakula cha kawaida karibu na mwezi wa pili.

Kanuni kuu ni protini kwanza. Wataalamu wengi hulenga gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8, nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 7, na gramu 100 za samaki au kuku aliyepikwa hupita 20. Unaona mwenyewe kwamba ukianza na ugali, utashiba kabla hujafika kwenye protini. Kwa hiyo geuza sahani yetu ya kawaida: anza na samaki, dagaa au maharage, kisha mboga, ugali au wali uje mwisho kama nafasi ipo.

Usinywe maji pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Lakini katikati ya milo kunywa kidogo kidogo mpaka ufikishe karibu lita moja na nusu kwa siku. Wengi hurudishwa hospitali wiki za mwanzo kwa sababu ya kukaukiwa maji tu, na joto la Dar es Salaam halina huruma.

Soda, juisi ya miwa na chai yenye vijiko vinne vya sukari ni adui, hasa kwa wa njia ya mkato. Sukari ikishuka ghafla kwenye utumbo, moyo hukimbia, jasho hutoka, tumbo husokota, unaharisha, na wengine huhisi kuzimia. Mara nyingi haitishii maisha, lakini ni onyo la mwili.

Kama unatumia dawa za kisukari au presha, usirudi nyumbani bila kuambiwa upya dozi zako. Chakula kimepungua ghafla. Insulini ile uliyokuwa ukijichoma wiki iliyopita inaweza kukuangusha kwa sukari kushuka.

Zipo pia dalili ambazo hazisubiri: mapigo ya moyo yanayokimbia hata ukiwa umelala, homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Zinaweza kuwa ishara ya kuvuja kwa mshono au damu kuganda. Rudi hospitali saa hiyohiyo. Usimpigie shangazi kuuliza dawa ya gesi.

Vidonge vya maisha

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Miezi 6 ya kwanza unameza vitamini kila asubuhi. Kisha nguo zinakaa vizuri, unajisikia mzima, chupa inaisha, na hununui nyingine.

Mwili una akiba. Akiba ya vitamini B12 inaweza kukusogeza kwa miaka kabla upungufu haujaonekana, ndiyo maana unadhani uko salama. Kisha huja uchovu, ganzi miguuni, kusahausahau. Madini chuma huisha mapema zaidi, hasa kwa mwanamke anayepata hedhi, na katika nchi yenye malaria na minyoo upungufu wa damu tayari ni jirani yetu. Kalsiamu na vitamini D zikikosekana, mifupa hulika kimyakimya mpaka siku ya kuvunjika.

Vidonge vyenyewe vina utaratibu. Kalsiamu na madini chuma havimezwi pamoja. Vitenganishe kwa angalau saa 2, la sivyo kimoja humzuia mwenzake. Usimezee madini chuma kwa chai, kwa maana chai hupunguza kufyonzwa kwake. Kipimo cha damu kifanyike mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka, maisha yote.

Lakini ipo vitamini moja isiyongoja miaka. Ni B1. Akiba yake mwilini hutosha wiki 2 au 3 hivi. Mtu aliyefanyiwa upasuaji akitapika mfululizo kwa siku nyingi anaweza kuishiwa kabisa. Dalili zake ni kuyumba anapotembea, ganzi, macho kuona viwili viwili, na kuchanganyikiwa. Nyumbani watu husema "amelogwa" au "ana stresi". Kumbe ubongo unaumia, na ukichelewa kutibiwa, madhara hubaki.

Jambo jingine la kujua: mgonjwa wa namna hii akifikishwa kituo cha afya akatundikiwa dripu ya sukari bila kupewa B1 kwanza, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Mhudumu hana nia mbaya, amemwona mtu dhaifu asiyekula. Hakuambiwa tu kwamba huyu alikatwa mfuko wa chakula.

Barua iliyo kwenye pochi

Hili linanirudisha kwenye swali la mwaka wa pili. Chukulia wewe unaishi Kigoma. Upasuaji umefanyiwa Dar es Salaam, au nje ya nchi. Mwezi wa 14 tumbo linakukata usiku wa manane. Daktari wa zamu katika hospitali ya wilaya hajawahi kukuona, na wewe, kwa aibu, husemi kwamba uliwahi kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Makovu ni madogo sana, hayaonekani vizuri chini ya taa hafifu. Anakuandikia dawa ya vidonda vya tumbo na kukuruhusu.

Kwa aliyefanyiwa njia ya mkato, maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, hata miaka kadhaa baadaye, yanaweza kumaanisha utumbo umejipenyeza mahali pasipostahili na kunyongwa. Hiyo ni dharura ya upasuaji. Saa chache ni tofauti kati ya kupona na kupoteza utumbo, au maisha.

Kwa hiyo kabla hujatoka hospitalini, dai barua ya ukurasa mmoja: aina ya upasuaji, tarehe, jina la daktari, namba ya simu ya kupiga kwa dharura, na orodha ya dawa. Tengeneza nakala. Moja ikae kwenye pochi, moja nyumbani, picha yake iwe kwenye simu ya mwenzi wako. Ukifika kituo chochote cha afya, sentensi yako ya kwanza iwe: "Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula." Hakuna aibu hapo. Unamsaidia daktari akusaidie.

Barua hiyo pia iandikwe wazi: asipewe diklofenaki wala ibuprofeni bila ushauri. Dawa hizi tunazinunua duka la dawa kama pipi kwa maumivu ya mgongo na goti. Baada ya upasuaji, hasa wa njia ya mkato, zinaweza kuchimba kidonda kwenye mshono na kukitoboa. Sigara hufanya hivyohivyo. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ndiyo rafiki yako.

Maneno ya watu

Hospitali itakupa karatasi ya lishe. Haitakupa karatasi ya jinsi ya kukaa na majirani.

Kwetu mtu akipungua haraka, hasemwi kwamba amepona unene. Husemwa "amekwisha", "ana ngoma", "mume anamtesa". Mwezi wa 3 hadi wa 6 nywele nazo hupukutika kwa wengi, uso ukasinyaa, na maneno yakaongezeka. Nywele kwa kawaida huota tena kama protini na madini yako sawa. Maneno yanahitaji dawa nyingine: amua mapema nani utamwambia ukweli. Huna deni la maelezo kwa kila mtu, lakini watu wawili au watatu wa karibu lazima wajue, kwa sababu ndio watakaokupeleka hospitali.

Kisha kuna chakula cha heshima. Ukweni wamekuchinjia kuku. Msibani umepewa sahani ya pilau. Kukataa ni kama kutukana. Njia iliyowasaidia wengi ni kukubali sahani, kuomba kiwekwe kidogo, kula nyama vijiko vichache polepole, na kuwa na neno moja tayari: "Mama, nimeshiba kweli, daktari amenipimia." Daktari alaumiwe, hana kinyongo.

Ndugu zangu mnaofunga Ramadhani, zungumzeni na daktari kabla ya mwezi kufika. Madaktari wengi hushauri kutofunga katika miezi 12 hadi 18 ya mwanzo, kwa sababu kufikisha maji na protini ndani ya usiku mmoja kwa mfuko mdogo vile ni kazi ngumu. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na ruhusa hiyo si udhaifu wa imani.

Na tuseme ukweli kuhusu pombe. Baada ya upasuaji, hasa wa njia ya mkato, pombe hupanda kichwani haraka na kwa nguvu zaidi. Chupa moja inaweza kufanya kazi ya tatu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba matatizo ya pombe yaliongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji wa njia ya mkato. Mtu aliyekuwa akituliza moyo kwa chakula, chakula kimeondoka, na moyo bado unatafuta kitulizo. Kama unajikuta umekosa raha, unalia bila sababu, au unawaza kujidhuru, hiyo ni sehemu ya matibabu yako kama ulivyo mshono. Mwambie daktari wako, omba mshauri wa saikolojia.

Ngozi iliyolegea nayo itakuwepo. Mazoezi hujenga misuli, lakini ngozi iliyovutika kwa miaka 15 hairudi yote. Ni bora uijue leo kuliko kuilaumu hospitali kesho.

Kwa wazazi, na wanaotarajia kuwa wazazi

Mwanamke aliyehangaika miaka kutafuta mtoto anaweza kushangaa kushika mimba miezi michache baada ya upasuaji, kwa sababu uzito ukishuka, hedhi na upevushaji wa mayai hurudi. Ni habari njema kwa wakati usio mwema. Ushauri wa kitaalamu ni kusubiri miezi 12 hadi 18, uzito utulie na akiba ya virutubisho ijengeke. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri baada ya njia ya mkato, na ukitapika havina kazi. Uliza kuhusu kipandikizi au kitanzi kabla ya siku ya upasuaji.

Ukipata ujauzito, mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki. Utahitaji kupimwa damu mara nyingi zaidi, na kile kipimo cha kunywa maji ya sukari kutafuta kisukari cha mimba kinaweza kukudhuru kama ulifanyiwa njia ya mkato. Zipo njia nyingine za kupima.

Mama anayenyonyesha asikie hili vizuri: mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee hupata vitamini B12 kutoka kwako. Wewe ukiishiwa, naye huishiwa, hata kama wewe bado hujahisi kitu. Mtoto akilegea, akiacha kuongezeka uzito, au akipoteza alichokwisha kujifunza, kama kukaa au kucheka, mpeleke na utaje upasuaji wako. Sindano ya B12 kwa mama ni kitu kidogo. Ubongo wa mtoto hauna mbadala.

Na kama mwenye unene ni mwanao? Januari 2023 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa mwongozo unaoruhusu vijana kuanzia miaka 13 wenye unene uliokithiri kupelekwa kutathminiwa kwa upasuaji. Kutathminiwa, si kukatwa. Kwa mazingira yetu ningeuliza maswali ya nyumbani kwanza. Shule ya bweni itampa kijana huyu mayai na samaki, au ugali na maharage saa moja jioni basi? Nani atasimamia vidonge vyake akifika miaka 17, umri ambao hata dawa ya siku tano humshinda? Je, ameutaka mwenyewe, au ametaka mama kwa sababu ya maneno ya mashangazi? Kama majibu hayaridhishi, kusubiri si kumnyima mtoto tiba.

Uzito ukianza kurudi

Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, mwili hutulia, na kilo kadhaa hurudi kwa watu wengi. Namba za Sweden zimekwisha kukuonyesha. Usijifiche. Mtu akiona mzani umepanda kilo 5, huacha kwenda kliniki kwa aibu, na akirudi zimekuwa 20. Shirika la Afya Duniani linautambua unene uliokithiri kuwa ugonjwa sugu unaoweza kurudi. Hakuna anayemcheka mgonjwa wa presha kwa sababu imepanda. Rudi kliniki mapema, mtazame pamoja kinachoingia mdomoni, hasa vitu laini vyenye sukari na mafuta vinavyopita bila kushibisha: aiskrimu, soda, maandazi yaliyochovywa kwenye chai. Siku hizi zipo pia dawa za kusaidia, kwa usimamizi wa daktari.

Tudai nini?

Kwa hospitali zinazotoa huduma hii, ombi langu ni kwamba bei inayotangazwa iwe ya miaka miwili, si ya siku moja. Iwemo kliniki, mtaalamu wa lishe, mshauri wa saikolojia na vipimo vya damu. Kwa wanaojadili kitita cha bima, hasa baada ya kupitishwa kwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, tofautisheni mambo mawili. Inawezekana kubishana kama fedha ya umma ilipie upasuaji. Lakini kipimo cha wingi wa damu na sindano ya B12 kwa mtu ambaye tayari amefanyiwa ni gharama ndogo kuliko kumtibu aliyepooza miguu. Na hospitali za wilaya zinaweza kuzifanya, zikipewa mwongozo wa ukurasa mmoja.

Wewe msomaji, kabla ya kulipa, kaa na daktari na umuulize maswali haya matano. Nimefaa kwa BMI na magonjwa niliyonayo? Ni aina gani, na kwa nini hiyo? Nikipata tatizo saa nane usiku nampigia nani? Vitamini nitazipata wapi ninakoishi, na kwa mwezi zitanigharimu kiasi gani? Na mwaka wa pili, nani atanipima damu?

Akikujibu yote matano bila kukwepa, umepata hospitali. Akikuonyesha picha mbili tu kwenye simu, mshukuru, nyanyuka, katafute maoni ya pili.

Na kama umeshafanyiwa na mwaka umepita bila kipimo, hujachelewa. Wiki hii, nenda na barua yako.